Malaria, Lupasi na Hesabu ya Hatari ya Kinasaba

Kuiita tofauti ya kinasaba "jeni ya ugonjwa" ni kutoa hukumu baada ya kusikiliza upande mmoja. Mfano ni FCGR2B, jeni inayobeba maelekezo ya kipokezi kinachozituliza seli za kinga, yaani seli B na makrofaji, zisipitilize kazi yake. Baadhi yetu tumerithi umbo la kipokezi hicho ambalo, katika nafasi ya 232, isolusini imeipisha threonini. Badiliko lenyewe ni dogo, ila limetokea pale pale kipokezi kinapopenya utando wa seli, na kwa hiyo kinashindwa kujipanga panapostahili. Breki ipo, lakini haishiki.

Mwaka 2010 watafiti wa Cambridge na wenzao wa Kilifi walichapisha pande mbili za habari hii. Miongoni mwa watu wa asili ya Ulaya na ya Asia ya Kusini-Mashariki, waliorithi umbo hilo kwa baba na kwa mama walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa takriban mara 1.7, wa kupata lupasi, ugonjwa ambao kinga huugeukia mwili wa mwenyewe. Kwa watoto wa Kenya wenye urithi huohuo, uwezekano wa malaria kali ulipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Kinga isiyotulizwa humshambulia mwenyewe, lakini pia hukishambulia kimelea cha malaria. Si ajabu basi kwamba umbo hili limeenea zaidi Afrika kuliko Ulaya.

Msomaji atakumbuka selimundu, ambayo urithi wake kwa mzazi mmoja hukinga dhidi ya malaria na kwa wote wawili huleta ugonjwa, na ni haki yake, ingawa mizani hapa ni tofauti. Faida ya FCGR2B huvunwa utotoni; hasara huja baadaye, mara nyingi kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, na huenda ikaja wakati vimelea vimekwisha kutoweka.

Wazo kwamba vimelea vyenyewe huizuia kinga isimgeukie mwenyewe lina umri mrefu. Mwaka 1968 daktari Brian Greenwood, akiwa Ibadan, Nigeria, alieleza uchache wa baridi yabisi na maradhi mengine ambamo kinga humgeukia mwenyewe aliouona hospitalini, akauhusisha na maambukizi ya vimelea. Baadaye akaonyesha kwamba panya wanaozaliwa na mwelekeo wa lupasi hupata nafuu wakiambukizwa malaria. Jaribio la panya nalikubali. Uchache wa wagonjwa nauangalia kwa shaka: homa na maumivu ya viungo hutibiwa kama malaria, na upele ambao vitabu huuchora mwekundu hauonekani hivyo kwenye ngozi nyeusi. Ugonjwa usiopimwa daima huwa nadra. Wamarekani weusi, wenye asili ya Afrika lakini wasioishi na malaria, ambao lupasi huwapata zaidi kuliko weupe, hawatatui fumbo hili peke yao, kwa kuwa wao wametofautiana nasi kwa mengi zaidi ya malaria.

Wala urithi hautoshi kuwa sababu. Pacha wa kufanana wa mgonjwa wa lupasi, mwenye jeni zilezile, mara nyingi haugui kamwe.

Utafiti wa 2010 ulipima malaria Kenya na lupasi kwingine. Kwa hiyo ile mara 1.7 ni uhusiano wa jeni na mazingira fulani, wala si sifa ya jeni popote iendapo. Mpaka FCGR2B ipimwe kwa wagonjwa wa lupasi wa pwani hii ya Afrika Mashariki, tena pamoja na historia yao ya malaria, jedwali la hatari ya kinasaba lililotungwa kwa damu ya Wazungu na Waasia halistahili kuingia katika faili la mgonjwa wa Tanga au Mombasa.