Siku 381 na Siku Nane

Jioni ya tarehe 5 Desemba 1955, kanisa la Wabaptisti la Holt Street mjini Montgomery, Marekani, lilifurika. Maelfu walisimama nje wakisikiliza kwa vipaza sauti. Siku nne kabla, Rosa Parks alikamatwa kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi. Msemaji alikuwa mchungaji wa miaka 26, Martin Luther King. (Sisi Walutheri hupenda kukumbusha jina hilo lilikotoka.) Watu Weusi wa mji ule waliacha kupanda mabasi kwa siku 381.

Hotuba tunaikumbuka, hizo siku tunazisahau. Mzee anayefanya kazi mbali hawezi kutembea mwaka mzima. Makanisa yakapata magari, yakayasajili kwa majina yao, vikapangwa vituo na zamu za madereva. Kila juma watu walikutana kanisani, wakaimba, wakaomba, wakatoa sadaka ya kugharimia usafiri. Hata vipeperushi vya kwanza vilichapwa usiku mmoja na Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, ambaye chama chake cha akina mama kilikuwa kimelalamikia mabasi hayo kwa miaka. Mpango ulitangulia, umati ukafuata.

Kenya, Juni 2024, umati ulitangulia. Vijana waliusoma Mswada wa Fedha, wakaufafanua kwenye TikTok kwa lugha za nyumbani, wakajadiliana kwa maelfu katika X, wakachangia majeruhi kwa M-Pesa. Walijivunia kutokuwa na kiongozi wala kabila, maana kiongozi hununuliwa. Tarehe 18 waliingia barabarani. Tarehe 25 waandamanaji waliingia bungeni na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto alisema hatausaini mswada. Siku nane tu! Lakini baada ya hapo, nani aseme tuendelee au tupumzike? Aliyejitokeza kuzungumza na serikali alishukiwa na wenzake.

Ni rahisi kwetu wachungaji kusema vijana hawana subira. Mimi naona swali gumu zaidi ni kwa nini hawakuja kupangia kwetu. Kwa miaka mingi wanasiasa walileta fedha za harambee madhabahuni nasi tukawapa kipaza sauti. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana alikataza siasa mimbarini mwaka 2021, na Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likakataa mchango wa Rais. Vijana walikuwa wamekwisha kuona yaliyotangulia.

Makanisa ya Weusi wa Montgomery yaliishi kwa sadaka za wapishi, wafuaji nguo na vibarua. Aliyepanda mimbarani Holt Street jioni ile hakuwa na mgeni wa heshima wa kumshukuru kwanza.