Treni ya mvuke haikushindwa mbio

Wengi wetu tukifika King's Cross tunawahi treni tu, hatuna habari na sanamu ya mzee mmoja iliyowekwa pale mwaka 2016. Huyo ni Sir Nigel Gresley, mhandisi aliyebuni vichwa vya treni vya aina ya A4. Leo naomba niwasimulie habari zake, maana zinafika mpaka kwetu.

Kati ya 1935 na 1938 vilitengenezwa vichwa 35 vya A4, vyenye pua iliyolala ili kupasua upepo. Kimoja kiliitwa Mallard, yaani bata maji. Tarehe 3 Julai 1938, kikishuka mteremko wa Stoke, kilifika maili 126 kwa saa, kama kilomita 203. Hiyo ni rekodi ya dunia ya mvuke mpaka leo!

Sasa mtauliza, kama kilikuwa na mbio hivyo, kwa nini kiliondolewa? Jibu liko karakana. Kichwa cha mvuke hukiwashi kama gari. Moto unawashwa saa nyingi kabla ya safari, maji yapate kuchemka polepole. Safari ikiisha, majivu yazolewe, na kila baada ya muda boila isafishwe. Hata yale mabati yaliyofunika magurudumu ya A4 yaling'olewa wakati wa Vita Kuu ya Pili, ili mafundi wafikie mitambo kwa urahisi.

Mwaka 1961 na 1962 zikaja dizeli za Deltic kutoka kampuni ya English Electric, zenye nguvu za farasi 3,300. Deltic 22 tu zilichukua kazi ya vichwa 55 vya mvuke. Mallard ikastaafu 1963, na Agosti 1968 mvuke ukaisha kwenye njia kuu za reli ya taifa ya Uingereza.

Na kwetu je? Miaka ya 1955 na 1956 Reli ya Afrika Mashariki ilipata Garratt 34 kutoka Manchester, aina ya 59, zilizopewa majina ya milima yetu. Zilivuta mizigo mizito kati ya Mombasa na Nairobi. Kuanzia 1960, English Electric ile ile ikaleta dizeli zake huko nako.

Kwa hiyo ndugu zangu, dizeli ilishinda kwa kuhitaji mikono michache. Reli ilipata nafuu, lakini mwasha moto na msafisha boila, waliojifunza kazi kwa miaka, ujuzi wao ukakosa mnunuzi. Mallard iko makumbusho York, na Garratt iitwayo Mount Gelai iko makumbusho ya reli Nairobi. Vyuma vimetunzwa vizuri. Wazee waliovihudumia wanaondoka mmoja mmoja. Kama kwenu yupo, mpigie simu wikiendi hii umuulize alivyokuwa akiuwasha ule moto.