Kihisi cha Kemikali: Jina la Chombo Kinachonusa Chai

Mwambie mkazi wa Nyamira, Kenya, kwamba kiwanda cha chai kinafunga sensa, naye atakuuliza kama serikali imeamua kuhesabu watu kabla ya wakati. Sensa anayoijua ni ile ya Agosti 2019, iliyopata wakazi 605,576 katika kaunti ya Nyamira na 1,266,860 katika kaunti jirani ya Kisii. Neno hilo limeshakaliwa, na mwenye nyumba hana nia ya kuhama. Kwa sababu hiyo, wanaoandika kwa Kiswahili juu ya vyombo vinavyogundua sukari katika damu, gesi jikoni au harufu ya majani ya chai wamelazimika kutafuta jina jingine.

Majina yaliyojitokeza ni mengi: kihisi, kihisio, kitambuzi, kipima, na hata kipimo. Lililopata wafuasi wengi ni kihisi, hasa kupitia simu za mkononi, ambako watumiaji wamezoea kusoma juu ya kihisi cha alama ya kidole. Umbo lake ni la Kiswahili kabisa. Ongoza ilizaa kiongozi, tambua ikazaa kitambuzi, na hisi, ambayo tayari inaishia kwa irabu i, ikahitaji kiambishi ki- tu. Wingi wake ni vihisi, na upatanisho wake haumsumbui mtu: kihisi kimeharibika, vihisi vimechakaa.

Ugumu wa neno hili uko kwenye maana. Katika mazungumzo ya kila siku, kuhisi ni kupata habari kupitia milango ya fahamu, kama mtu anayehisi baridi ya asubuhi huko Keroka. Lakini pia ni kudhani. Anayesema "nahisi mvua itanyesha" hajapima chochote, amebahatisha. Mwanakemia anataka chombo kisichobahatisha. Kwa hiyo istilahi ya kihisi cha kemikali inahitaji fasili inayoifunga maana ya kwanza na kuiacha nje ile ya pili.

Fasili hiyo ipo. Mwaka 1991 IUPAC, muungano wa kimataifa wa wanakemia unaosimamia majina na vipimo vya taaluma hiyo, ulichapisha maelezo ya kihisi cha kemikali. Kwa ufupi, ni chombo kinachobadilisha habari za kikemikali, kuanzia ukolezi wa kitu kimoja hadi muundo wa sampuli nzima, kuwa ishara inayofaa kwa uchanganuzi. Muungano huo ulitaja sehemu mbili za msingi. Ya kwanza hukutana na kemikali yenyewe. Kiswahili kinaweza kuiita kipokezi. Ya pili huyageuza makutano hayo kuwa ishara inayopimika, kwa kawaida ya umeme au mwanga. Hiyo ni kigeuzi. Maneno yote mawili yameundwa kwa kanuni ileile iliyotoa kiongozi, kutoka pokea na geuza.

Mfano mwepesi uko shambani. Mchai hupenda udongo wenye asidi, takriban pH 4.5 hadi 5.6, na mbolea ya NPK 26:5:5 inayotumiwa na wakulima wadogo huzidisha asidi hiyo mwaka baada ya mwaka. Kila aliyesoma kemia ya sekondari anaikumbuka karatasi ya litmasi: ikigusa asidi, ile ya buluu huwa nyekundu. Litmasi hupokea, na rangi yake hugeuka, lakini haikupi namba. Haiwezi kumwambia mkulima kama udongo wake uko kwenye pH 5.2, unaofaa, au 3.9, ulioharibika. Jina linaloifaa ni kiashiria.

Kipima pH ni habari nyingine. Utando mwembamba wa kioo kwenye ncha yake hukutana na ioni za haidrojeni na kuzalisha volteji. Katika nyuzijoto 25, kila hatua moja ya pH huibadilisha volteji hiyo kwa takriban milivolti 59. Kioo ndicho kipokezi, na elektrodi ndiyo kigeuzi. Arnold Beckman, mwanakemia wa Marekani, alitengeneza kipima pH cha kielektroniki mwaka 1934 kwa ajili ya kupima ukali wa maji ya limau huko California. Chombo kilichoanzia kwenye matunda leo kinatumika katika maabara za udongo kote duniani. Hapa tofauti ya maneno inajitokeza: kipima pH ni chombo kizima pamoja na skrini na betri, na kihisi ni ile ncha yake.

Mfano wa pili uko mikononi mwa maelfu ya wagonjwa wa kisukari. Leland Clark na Champ Lyons, wakiwa Birmingham, Alabama, walieleza mwaka 1962 jinsi kimeng'enya kinavyoweza kuunganishwa na elektrodi ili kupima glukosi. Wazo hilo ndilo lililomo katika kipande kidogo cha plastiki ambacho mgonjwa hukichomeka kwenye mashine na kukidondoshea damu. Kimeng'enya huichagua glukosi peke yake miongoni mwa mamia ya kemikali zilizomo katika damu, elektroni hutiririka hadi kwenye elektrodi, na kadiri sukari inavyozidi ndivyo mkondo wa umeme unavyokua. Mashine huandika jibu kwa milimoli katika lita. Kwa kuwa kipokezi chake kimetoka katika viumbe hai, IUPAC hukiweka katika tawi la vihisi vya kibayolojia, ambalo ni tawi la vihisi vya kemikali.

Vyombo hivyo viwili vina tabia moja: kila kimoja hutafuta kitu kimoja. Chai haikubali hivyo.

Viwanda vya wakulima wadogo vimetapakaa kote katika milima ya Gusii: Nyansiongo, Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Gianchore na Nyankoba upande wa Nyamira, Ogembo, Nyamache, Kiamokama na Itumbe upande wa Kisii. Vyote viko chini ya KTDA, iliyoanza mwaka 1964 kama mamlaka ya serikali na kugeuzwa kampuni ya wakulima mwaka 2000. Majani mawili na kichipukizi hufika kiwandani, hunyaushwa, hukatwakatwa na kukunjwa na mashine za CTC, kisha huachwa yapigwe na hewa kwa muda wa saa moja hadi mbili hivi kabla ya kukaushwa. Katika muda huo mfupi ndipo bei ya chai inapoamuliwa kwa sehemu kubwa.

Hatua hiyo viwandani huitwa uchachushaji, na jina hilo lina kasoro yake. Kuchachusha kunahitaji chachu, kama kwenye busaa, na chachu ni viumbe hai. Kwenye chai hakuna chachu inayofanya kazi. Seli za jani zikipasuka, kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidesi hukutana na katekini, na kwa msaada wa oksijeni ya hewani huziunganisha kuwa theaflavini na therubijini. Hizo za kwanza huipa chai mng'ao na ukali unaochangamsha ulimi. Za pili huipa wekundu wa kahawia na uzito. Kwa kanuni za kemia hiyo ni oksidisho. Kosa hilo halikuzaliwa katika Kiswahili. Limerithiwa kutoka lugha za biashara ya chai, na sasa limezoeleka mno kiwandani kung'olewa kwa makala moja.

Ikikaushwa mapema, chai hubaki na harufu ya majani mabichi, ambayo hutoka kwenye kemikali kama heksenali. Ikicheleweshwa, theaflavini huanza kupungua na kinywaji hupooza. Katikati kuna dakika chache ambapo harufu huelekea kwenye maua na matunda, kwa sababu ya linaloli, jeranioli na wenzake. Kwa miongo mingi, dakika hizo zimetambuliwa kwa pua na macho ya msimamizi anayechota kiganja cha majani, akayanusa na kutazama rangi yake.

Maabara nayo ina njia zake. Tangu miaka ya 1970 wanakemia wa chai wametumia kitendanishi kiitwacho Flavognost, kinachoungana na theaflavini na kutoa rangi ya kijani inayosomwa na spektrofotomita kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 625. Philip Owuor, mwanakemia aliyefanya utafiti katika kituo cha utafiti wa chai huko Kericho na baadaye kuwa profesa Chuo Kikuu cha Maseno, alichapisha mwaka 1986 pamoja na Reeves na Wanyoko utafiti uliohusisha kiasi cha theaflavini na thamani ambayo waonjaji waliipa chai nyeusi ya Kenya. Matokeo hayo yana uzito kwa mkulima wa Borabu au Bobasi, kwa maana chai yake huuzwa kwenye mnada wa Mombasa kwa hukumu ya ulimi wa mwonjaji, na bonasi ya viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa ikibaki nyuma ya ile ya mashariki. Hata hivyo Flavognost si kihisi. Ni mbinu ya maabara: sampuli ichemshwe, ichujwe, ichanganywe na isubiriwe. Jibu linapopatikana, chai yenyewe imeshakaushwa.

Hapo ndipo pua ya kielektroniki inapoingia. Mizizi yake iko Japani, ambako Naoyoshi Taguchi alibuni mwaka 1962 kihisi cha gesi kilichotengenezwa kwa oksidi ya bati. Oksidi hiyo ikipashwa moto, oksijeni ya hewani hung'ang'ania juu yake na kuzinyakua elektroni. Gesi inayowaka ikipita, huiondoa oksijeni hiyo na ukinzani wa umeme hushuka. Vihisi vya aina hiyo hupatikana katika vyombo vinavyoonya gesi ya kupikia inapovuja. Vina udhaifu mmoja: havichagui. Pombe, moshi na gesi ya mtungi vyote huvishtua. Mwaka 1982 Krishna Persaud na George Dodd wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, waliugeuza udhaifu huo kuwa faida. Walivipanga vihisi vitatu, kila kimoja kikiwa na mwelekeo wake, wakaonyesha kwamba uwiano wa majibu yake unaweza kutofautisha harufu moja na nyingine hata kama hakuna kihisi kinachoijua harufu hata moja.

Watafiti wa Kolkata, India, waliipeleka mbinu hiyo kwenye chai. Mwaka 2007 Nabarun Bhattacharyya na wenzake walichapisha matokeo ya pua ya kielektroniki iliyofuatilia harufu wakati wa uchachushaji na kuonyesha wakati mwafaka wa kuusimamisha, wakiyalinganisha na vipimo vya rangi na maoni ya wataalamu wa kuonja.

Kenya ilijaribu mlango mwingine wa fahamu. Mwaka 2020 Gibson Kimutai na wenzake walichapisha programu waliyoiita TeaNet, inayotazama picha za chai inayochachuka na kuamua kama bado, kama tayari, au kama imepitiliza. Picha hizo zilipigwa na kamera iliyounganishwa na kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi, na majaribio yalifanyika katika kiwanda cha Sisibo. Je, hicho ni kihisi cha kemikali? Kwa fasili ya mwaka 1991, sivyo. Kamera hupokea mwanga, haikutani na kemikali. Rangi inayoiona imeletwa na theaflavini na therubijini, lakini ingeweza pia kubadilishwa na taa mbovu. Ni kihisi cha mwanga kinachosaidiwa na programu, na kukiita hivyo hakukipunguzii thamani.

Wahariri wa taarifa za kilimo hujikuta wakisoma matangazo ya vyombo vya kila namna vinavyodaiwa kuhisi kila kitu. Fasili yenye kipokezi na kigeuzi huwapa swali la kumuuliza muuzaji: ni nini ndani ya chombo hiki kinachokutana na kemikali? Asipokuwa na jibu, huenda chombo chake ni kamera, au si chombo kabisa.

Swali la pili ni la usahihi wa kila siku. Vihisi vya oksidi ya bati husumbuliwa na unyevu, na chumba cha kuchachushia chai hakiwezi kuwa kikavu, sembuse katika milima inayopata mvua karibu mwaka mzima. Majibu yake pia huhama polepole kadiri kihisi kinavyozeeka, hata harufu ikibaki ileile. Mkulima wa Kisii anaijua hali hiyo kutokana na mizani ya kituo cha kununulia chai, ambayo maofisa wa vipimo huikagua kwa mawe ya uzito unaojulikana na kuipiga muhuri. Kihisi nacho hulinganishwa na sampuli yenye ukolezi unaojulikana. Kazi hiyo inaweza kuitwa ulinganishaji, na kihisi kisicholinganishwa kinarudi kwenye ile maana ya pili ya kuhisi, yaani kubahatisha.

Majina mengine nayo yapewe kazi zake. Kitambuzi kinafaa kwa chombo kinachojibu ndiyo au hapana, kama kile cha moshi. Kipima ni mashine nzima inayotoa namba. Kiashiria ni dutu inayobadilika rangi. Kipimo kibaki kwa tendo la kupima na matokeo yake, kama wagonjwa wanavyolitumia hospitalini. Walimu wa kemia, watangazaji na waandishi wa vitabu vya kilimo wanaombwa kuyatumia kwa mgawanyo huo, na kuiingiza fasili ifuatayo katika faharasa zao:

Kihisi cha kemikali (wingi: vihisi vya kemikali): chombo chenye kipokezi kinachokutana na kemikali na kigeuzi kinachofanya makutano hayo kuwa ishara inayopimika, na ambacho majibu yake yamelinganishwa na kiwango kinachojulikana.