Rufaa Dhidi ya Uamuzi wa Juri: Shauri la Palsgraf na Istilahi ya Uzembe

Tarehe 24 Agosti 1924, katika stesheni ya East New York, Brooklyn, wafanyakazi wawili wa reli walimsaidia abiria aliyedandia treni iliyokwisha kuanza kuondoka. Kifurushi chake kilianguka. Ndani mlikuwa na fataki, zikalipuka. Mizani iliyosimama upande mwingine wa jukwaa iliporomoka, ikamjeruhi Helen Palsgraf. Mwaka 1927 juri lilimpa fidia ya dola 6,000, na rufaa ya kwanza ya kampuni ilishindwa kwa majaji watatu dhidi ya wawili.

Mwaka 1928 Mahakama ya Rufani ya New York iliutengua uamuzi huo, wanne dhidi ya watatu, na mdai akaamriwa kulipa gharama. Jaji Cardozo hakulilaumu juri kwa kupima ushahidi vibaya. Hoja yake ilikuwa ya sheria: uzembe ni kukiuka wajibu anaodaiwa mtu mahususi, na hatari kwa mwanamke aliyesimama mbali haikuweza kutarajiwa. Jaji Andrews alipinga, akishikilia kwamba uangalifu ni deni kwa jamii nzima.

Mfasiri wa Kiswahili hukwama hapa. Akiandika “wazee wa baraza”, msomaji wa Tanzania atawafikiria wale ambao maoni yao hayamfungi jaji, na rufaa itakosa maana, maoni hayatenguliwi. Afadhali “juri”. “Uzembe” nao una utata: katika usemi wa kila siku ni tabia ya mtu, pengine uvivu tu, ilhali kwa Cardozo ni uhusiano baina ya watu wawili.