Mwanagenzi Asiyeinama

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii naijua tangu shule ya msingi, lakini maana yake niliipata mwaka jana kwenye lami ya Shangani, hapa Mtwara, nikiwa chali, kiwiko kinavuja damu, watoto wa mtaani wananicheka hadi basi.

Binamu yangu alikuja na sketibodi kutoka Dar, yaani kibao chenye magurudumu manne. Mchezo wenyewe ulizaliwa California, na mwaka 2006 Jackson Mubiru na wenzake waliujengea uwanja wa saruji kule Kitintale, Kampala. Mimi, kijana mzima niliyemaliza kidato cha nne, nikasema ah, mambo ya kitoto haya! Nikapanda nimesimama wima kama askari wa gwaride. Kibao kikaenda mbele, mimi nikabaki nyuma.

"Kunja magoti, kaka!" katoto kamoja kakaniambia. Nikajifanya sisikii. Nikaanguka tena.

Babu mmoja anayeuza korosho kando ya barabara akatikisa kichwa. "Mjukuu wangu," akasema, "unaanguka kama Mzungu wa karanga."

Basi hapo akanigusa, maana nilikuwa naandika riwaya kuhusu karanga hizo hizo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kula. Serikali yake ikaamua kulima karanga Tanganyika, mamilioni ya ekari. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Karanga za Nachingwea zilihitaji njia ya kwenda ng'ambo, ndipo ikaja reli, na mwaka 1948 ujenzi wa bandari ya Mtwara ukaanza.

Lakini jamani, udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama saruji! Majembe ya matrekta yakavunjika, mvua nayo ikawa haba. Wenyeji, walioijua ardhi yao, walitafutwa kwa vibarua kuliko kwa ushauri. Januari 1951 Mpango ukafutwa, na pauni milioni 36 zikawa zimekwenda na maji. Bandari ikakamilika mwaka 1954, karanga hakuna. Reli nayo iling'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Bandari imebaki, na sasa inapakia korosho.

Wale walikuwa wanagenzi waliojiita mafundi. Kuanguka si aibu, kila anayeanza huanguka. Aibu ni kuambiwa "kunja magoti" ukajifanya kiziwi, kisa anayekwambia ni mdogo kwako, au hana viatu.

Nami je? Riwaya yangu ilikuwa imefika daftari la tatu, na sikuwa nimemwuliza mzee hata mmoja. Nilikuwa nimesimama wima vile vile!

Siku ile nilikunja magoti, nikateleza hatua kumi hivi, watoto wakapiga makofi. Kisha nikamwendea babu.

"Shikamoo babu. Hiyo reli uliiona?"

"Marahaba. Kuiona? Baba yangu alibeba vyuma vyake begani."

Nikakaa chini mchangani, nikafungua daftari jipya.