Ridhaa ya Mmoja, Namba za Wengi: Faragha na Gharama ya Huduma za Bure Mtandaoni

Mjadala kuhusu faragha mtandaoni huendeshwa mara nyingi kana kwamba unahusu mapatano ya pande mbili tu: kampuni hutoa barua pepe, ramani au uwanja wa mazungumzo bila malipo, na mtumiaji hulipa kwa taarifa zake binafsi, yaani taarifa zozote zinazoweza kumtambulisha, kama vile jina, namba ya simu na mahali alipo. Mtazamo huo una ukweli wake, kwani mwaka 2023 kampuni ya Meta, inayomiliki Facebook na WhatsApp, iliingiza karibu dola bilioni 135, na zaidi ya asilimia 95 ya mapato hayo yalitokana na matangazo ya biashara. Hata hivyo, unamsahau mtu wa tatu, ambaye taarifa zake hutolewa bila yeye kuulizwa, na hapo ndipo hoja ya ridhaa, yaani kukubali kwa hiari baada ya kuelewa, inapovunjika.

Programu mpya inapowekwa kwenye simu, hutokea kidirisha kinachoomba ruhusa ya kusoma majina yaliyohifadhiwa, na kidole kikishagusa neno "Ruhusu", kwa kawaida orodha nzima huwa wazi. Katika simu ya mzungumzaji wa Kiswahili orodha hiyo si namba tupu, kwa kuwa humo mna "Mama Asha Vitenge", "Fundi Bomba Mbagala", "Shemeji Mdogo" na "Dokta wa Sukari", majina ambayo hueleza kazi, makazi au udugu wa mhusika, na hata maradhi ya mwenye simu. Mwenye simu ameridhia. Fundi bomba hajaridhia, na huenda simu yake ni ya kitochi, isiyofika kabisa kwenye huduma hiyo ya bure.

Madhara ya utaratibu huu yamekwisha kuonekana. Katika kashfa ya kampuni ya ushauri wa kisiasa ya Cambridge Analytica iliyofichuka mwaka 2018, watu wapatao 270,000 ndio waliojaza dodoso la kupima haiba kupitia Facebook, lakini kwa makadirio ya Facebook yenyewe huenda taarifa za watu hadi milioni 87 zilichukuliwa, kwa sababu mfumo wa wakati huo uliruhusu programu kuvuna pia taarifa za marafiki. Nchini Kenya, baadhi ya wakopeshaji wa kidijitali waliwapigia simu wazazi, waajiri na majirani wa wadaiwa, watu ambao hawakukopa hata senti, mpaka kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zikakataza kutumia orodha ya namba za mteja kwa namna hiyo. Aibu ile haikuwa ya mkopaji peke yake.

Ni kweli kwamba huduma za bure zimewafaa watu wa kipato kidogo kuliko wengine wote: mchuuzi anayetuma picha za bidhaa kwa wateja kwa gharama ya kifurushi tu asingemudu ada ya kila mwezi, na kumwambia aache ni kumnyima riziki. Ndiyo maana ushauri uliozoeleka, kwamba kila mtu asome masharti na ajilinde mwenyewe, hautoshi. Hata msomaji makini kuliko wote hawezi kuzuia kidole cha jirani yake. Wajibu sharti umwelekee anayekusanya. Mwezi Septemba 2021 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ireland iliitoza WhatsApp faini ya euro milioni 225, na miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kutowaeleza ipasavyo hata watu wasioitumia huduma hiyo jinsi taarifa zao zinavyoshughulikiwa. Uamuzi huo ulimtambua mtu wa tatu kuwa ana haki zake.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Wasimamizi wa sheria hizo hawana sababu ya kungoja kashfa nyingine: wazitake huduma zote, si za mikopo pekee, zichukue namba ile tu ambayo mtumiaji ameichagua, na zifute za wale ambao hawakuulizwa.