Ukitaka Kucheki AFCON na Majirani Nairobi, Jua Haya Kwanza

Wacha tuambiane ukweli. Harambee Stars walicheza AFCON mara ya mwisho 2019 kule Misri. Tangu hapo, michuano ikianza wewe huwa unaazima timu. Bahati yako unaishi Nairobi, na timu za kuazima ziko hapo tu kwa ploti. Lakini kuazima kuna heshima zake.

Jua majina. Congo ni Léopards, Tanzania ni Taifa Stars, Uganda ni Cranes, Rwanda ni Amavubi, yaani nyigu. Ukiingia base ya Wakongo Kayole ama Githurai ukisema "hiyo timu yenu", utakaa nyuma na usione skrini.

Jua historia kidogo. Congo wamebeba kombe mara mbili, 1968 na 1974. Ethiopia walibeba 1962, wakiwa nyumbani. Usimchape Mhabeshi wa Eastleigh utani juu ya mpira na sisi hatujawahi kubeba hata moja. Msomali naye msalimie kama ndugu, juu Somalia haijawahi kufuzu. Mnaazima pamoja.

Fika mapema. Mechi ya saa mbili usiku kule Abidjan ilikuwa saa tano hapa kwetu. Kibandani viti huisha kabla ya hapo, na mathree za kukurudisha keja huwa chache. Panga na mbogi yako mtarudi aje.

Sasa hii ndio ya maana. Wakati wa wimbo wa taifa, nyamaza. Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya semi dhidi ya Ivory Coast, wachezaji wa Congo walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na mwingine wakauelekeza kichwani kama bunduki. Wasee wengine walidhani ni style. Haikuwa style. Walikuwa wanasema watu wanauawa mashariki mwa Congo na dunia imenyamaza. Congo walilala 1-0 hiyo usiku, bao la Haller, lakini kuna jirani yako ambaye hakulia juu ya bao. Alikuwa anawaza mamake aliyebaki Goma.

Kwa hivyo utani ruhusa, matusi hapana. Cheka difenda aliyeteleza, usicheke nchi ya mtu. Timu yake ikichapwa, mnunulie chai kwanza, stori za VAR zitangoja kesho.

Na ukumbuke, AFCON ya 2027 ni yetu, pamoja na Uganda na Tanzania. Hiyo time wewe ndio mwenye timu. Mkongo, Mhabeshi na Msomali wa ploti yenu watakuja kuazima Harambee Stars. Vile uliwakalisha na vile ulikalishwa, itajulikana hapo.

Wewe huwa unaazima timu gani?